KUMCHAGULIA MTOTO SHULE YA SEKONDARI YA JUU

(Haya ni maneno aliyoyasema ndugu mmoja wa genge la njia ya reli katika mkutano wa wanachama wa tawi. Tunayachapa kama alivyoyasema, kwa kuwa wanachama walio katika vituo vya mbali hawakuweza kufika, nao wameomba wayasome.)



Mimi si mwalimu. Nilisoma katika shule ya msingi ya misheni, nikaishia darasa la nane. Karo ya kuendelea mbele haikupatikana, maana siku hizo serikali ilikuwa haijaanza kulipia mafunzo ya sekondari. Jambo hilo lilianza mwaka 2008, na wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kushika sururu. Kwa hivyo sikuja hapa kumfundisha mtu. Nimekuja kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili mwenzangu asilirudie. Wazee walisema, mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nimeumwa, na nyoka wenyewe ni karatasi moja ya shule.

Kwanza tuelewane juu ya mambo yalivyogeuka. Sisi wengi hapa tulisoma kwa mpango wa 8-4-4. Mtoto alifanya mtihani wa darasa la nane, akapata alama zake, akaitwa shule, basi. Huko sekondari wote walianza na masomo karibu yale yale. Mpango huo unakwisha. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023. Watoto wa mpango mpya husoma shule ya msingi mpaka Gredi ya 6, halafu sekondari ya chini miaka 3, Gredi ya 7 mpaka ya 9, halafu sekondari ya juu miaka 3, Gredi ya 10 mpaka ya 12. Kundi la kwanza lilifanya mtihani wa Gredi ya 9, ule uitwao KJSEA, mwaka 2025, likaingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026.

Sasa sikieni vizuri. Katika sekondari ya juu watoto hawasomi mambo yale yale. Iko mikondo mitatu. Wa kwanza ni Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, ambao kwa ufupi huitwa STEM. Wa pili ni Sayansi za Jamii. Wa tatu ni Sanaa na Michezo. Kila mtoto husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Juu ya hayo huongeza masomo matatu aliyoyachagua kufuata mkondo wake. Masomo hayo matatu ndiyo yanayomtenga huyu na yule. Na kuchagua kwenyewe hufanywa kabla mtoto hajafanya mtihani, wakati bado ana miaka 14 au 15.

Ninyi ndugu mnaogeuza reli stesheni mwajua maana yake. Gari moshi likifika mahali reli zinapogawanyika, dereva hawezi kukata kona kama mtu wa matatu. Gari hufuata reli ilivyotengwa. Kama reli ilitengwa vibaya, kosa si la gari, wala kelele za abiria hazisaidii. Kurudisha gari nyuma ni kazi kubwa, na pengine njia ya nyuma imekwisha kufungwa.

Binti yangu wa kwanza alikuwa katika kundi lile la kwanza. Katikati ya mwaka 2025 shule yake ilituita wazazi tukaelezwe habari ya kuchagua. Tuliitwa siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi. Siku hiyo genge letu lilikuwa njiani kubadilisha mataruma, na mama watoto alikuwa sokoni na mboga zake, ambazo zisipouzwa asubuhi huwa chakula cha mbuzi. Hatukwenda. Jioni binti akaleta karatasi, akasema mwalimu anaitaka kesho asubuhi ili shule iingize majina katika kompyuta.

Nikachukua kalamu. Karatasi ilitaka shule 12: 9 za bweni, ambazo 3 ni za kaunti ya nyumbani na 6 za nje, halafu 3 za kutwa. Nikaandika majina makubwa, yale tuliyoyasikia redioni tangu utoto. Mahali pa masomo nikaandika Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa sababu nilitaka siku moja watu wamwite Daktari. Zile shule za kutwa niliziona kama mabaki, nikaandika tatu zilizo karibu na nyumba bila kufikiri.

Mama watoto akasema, "Baba Watoto, muulize mwenyewe kwanza." Nikamjibu, "Mtoto wa miaka 14 anajua nini?" Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno.

Ndugu zangu, binti huyu tangu utoto hufungua redio mbovu na kuzifunga tena zikalia. Taa ya sola ya jirani iliyotupwa aliichukua, akaiunganisha upya, na mpaka leo inawaka. Ripoti zake za shule zilikuwa kabatini mwangu. Katika Sayansi alikuwa wa katikati. Katika masomo ya ufundi alikuwa mbele sana. Mimi sikuzitazama. Wala sikujua kwamba ndani ya mkondo huo huo wa STEM kuna vitengo: kuna sayansi zenyewe, kuna sayansi za matumizi kama Kilimo na Kompyuta, na kuna ufundi, yaani Umeme, Useremala, Ufundi wa Chuma, Ujenzi, Mitambo na mengineyo. Nilidhani STEM maana yake ni udaktari tu. Mimi mtu wa reli, ninayekula kwa ufundi, sikujua kwamba ufundi umo.

Mwezi wa Desemba 2025 matokeo yakatoka, na kompyuta ikampangia shule ya bweni katika kaunti ya mbali. Shule za bweni za ngazi ile zilipangiwa karo ya shilingi 53,554 kwa mwaka. Ongezeni sanduku, godoro, sare, vitabu na nauli ya kwenda na kurudi kila muhula. Ninao wengine wawili nyuma yake. Tulihesabu usiku kucha, hesabu ikakataa. Nafasi ya kuomba kubadilisha shule ilipofunguliwa tukaomba ya kutwa iliyo karibu, tukaipata. Nikamshukuru Mungu.

Tulipompeleka Januari, nikamwuliza mwalimu kama mtoto anaweza kusoma Umeme. Mwalimu yule alikuwa mtu mpole. Akaniambia STEM wanayo, lakini somo la Umeme halina mwalimu pale, wala karakana hakuna. Tukarudi nyumbani kwa matatu. Njiani binti akasema, "Baba, siku ile hukuniuliza." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Baadaye nikaja kujua ya kwamba katika upande wa pili wa kaunti ndogo hiyo hiyo tunamokaa iko shule ya kutwa, matatu mbili kutoka kwetu, ambayo ina karakana na mwalimu wa Umeme. Ningeliandika jina lake katika zile nafasi tatu, wala lisingenigharimu hata senti. Nimekwenda huko mara tatu kuomba. Kila mara naambiwa nafasi zimejaa. Binti anasoma masomo mengine, na anajitahidi. Shule hizo sizitaji kwa majina, maana kosa halikuwa lao. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Basi, kwa ninyi mlio na watoto katika Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, nawaomba mfuate maswali manne, na myafuate kwa mpango huu, msianze na la mwisho.

SWALI LA KWANZA: MTOTO MWENYEWE NI NANI?

Toeni ripoti zake zote, mzitandaze mezani. Msitazame muhula mmoja tu. Kundi la kwanza lilipopangiwa shule, mtihani wa Gredi ya 9 ulihesabiwa sehemu 60 katika 100, kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8 zikahesabiwa 20, na mtihani wa Gredi ya 6 ukahesabiwa 20. Maana yake ni kwamba safari ilikwisha kuanza zamani, mzazi akiwa bado amelala. Halafu mwulizeni mtoto. Msimwulize "unataka kuwa nani?", maana atataja kazi aliyoiona katika televisheni. Mwulizeni ni somo gani likiisha huona limekwisha upesi. Jibu lake liandikeni.

Wala msimcheke. Wako wazazi wanaosema mkondo wa Sanaa na Michezo ni wa wajinga, na STEM ni ya wavulana. Hayo ni maneno ya barazani. Ni kweli Wizara ilisema inatazamia watoto 60 katika 100 waende STEM, 25 Sayansi za Jamii, na 15 Sanaa na Michezo. Lakini hiyo ni hesabu ya nchi nzima. Haijui mtoto wako anaweza nini. Mtoto anayependa historia na lugha akisukumwa katika Kemia kwa sababu ya hesabu ya nchi, ataumia yeye, nchi haitaumia.

SWALI LA PILI: MASOMO GANI MATATU?

Andikeni masomo kwanza, jina la shule baadaye. Ulizeni kila somo linafungua mlango gani na kuufunga upi. Anayetaka kuwa muuguzi akiiacha Biolojia amejifungia mlango. Anayetaka kuwa fundi wa mitambo akienda mahali pasipo Fizikia wala somo la ufundi atachelewa njiani. Juu ya Hisabati fahamuni kwamba wote husoma, lakini si kwa kina kimoja. Walio katika STEM husoma ile nzito, na walio katika mikondo mingine husoma iliyo nyepesi zaidi. Anayefikiri kuruka kutoka mkondo mwingine kuingia uhandisi baadaye na alijue hilo mapema.

SWALI LA TATU: SHULE INA NINI KWELI?

Hapa ndipo nilipoanguka. Shule yaweza kuandikwa katika orodha kwamba ina mkondo wa STEM, na kila shule ya sekondari ya juu ilitakiwa iwe nao pamoja na mkondo mwingine angalau mmoja. Lakini mkondo ni kama jina la stesheni, haukuambii kama ndani mna maji. Nendeni mkaone. Ulizeni: somo hili lina mwalimu? Ni wa kudumu au ni wa kuazima? Nionyesheni karakana. Nionyesheni maabara, mfereji ufunguliwe tuone maji yakitoka. Wanafunzi wangapi wanalisoma somo hili sasa? Mwalimu mwema hatakasirika kuulizwa. Sisi tunapopokea reli mpya hatusaini karatasi kabla ya kuikagua. Mtoto si duni kuliko reli.

SWALI LA NNE: PESA ZITATOKA WAPI, NA ATAFIKAJE?

Bweni lina karo, na kutwa pia ina gharama yake. Serikali hulipia mafunzo, lakini chakula cha mchana, sare na nauli ya kila siku hutoka mfukoni mwa mzazi. Hesabuni nauli ya muhula mzima, si ya siku moja. Halafu semeni ukweli mbele ya mtoto. Ni afadhali mtoto ajue mapema kwamba bweni haliwezekani, kuliko kupewa tumaini mwezi wa sita na kunyang'anywa mwezi wa kumi na mbili.

Na ninyi wa reli nawaonya jambo moja zaidi. Sisi ni watu wa kuhamishwa. Leo uko Voi, kesho Nakuru. Karatasi yauliza kaunti ya nyumbani na mahali mtoto anapokaa. Kama unatazamia uhamisho, zungumza na mwalimu mkuu kabla hajaingiza majina, la sivyo utapewa shule ya kutwa mahali ambapo hulali tena.

Baada ya maswali haya manne, kama jina kubwa bado limo katika orodha, liandikeni. Sisemi majina makubwa ni mabaya. Nasema jina ni la mwisho, si la kwanza.

Ndugu zangu, msidhani shida hii ni ya Kenya peke yake. Jirani yangu mwalimu alinieleza habari ya Marekani. Huko ziko shule za serikali ambazo kila moja ina somo lake maalum, hii sayansi, ile muziki, nyingine lugha. Huziita shule za sumaku, kwa sababu huvuta watoto kutoka mitaa ya mbali. Mojawapo ya zile za mwanzo ilikuwa shule ya msingi ya McCarver, katika mji wa Tacoma, mwaka 1968. Wengi wa watoto wake walikuwa weusi, na wakuu wa mji walitaka kuwavuta watoto weupe waje pale kwa hiari, ili kuvunja ubaguzi bila kumlazimisha mtu. Mwaka uliofuata Boston nayo ikafungua ya kwake. Baadaye miji mingi ilifuata, na mpaka leo wazazi huko hujaza karatasi, na mahali pengi nafasi zikiwa chache watoto hupigiwa kura.

Nilipata mafundisho mawili katika habari hizo. La kwanza ni la mji wa Kansas City, jimbo la Missouri. Kuanzia mwaka 1985, kwa amri ya mahakama, pesa nyingi mno zilitumiwa kujenga shule za sumaku, hata zikawa na mabwawa ya kuogelea. Majengo yalisimama, lakini masomo ya watoto hayakupanda kama watu walivyotumaini, na mwaka 1995 Mahakama Kuu ya nchi ikasema mahakama ya chini ilipita mpaka wake. Basi tusidanganywe na lango lililopakwa rangi. La pili ni hili: huko wamejifunza kwamba uchaguzi pasipo basi la kumpeleka mtoto, na pasipo habari kufika nyumbani kwa mzazi, huwa ni uchaguzi wa wenye motokaa. Mwenye nafasi ya kwenda kuuliza hupata. Aliye kazini hukosa.

Hilo ndilo linalonifanya niseme haya katika mkutano wa chama na si katika mkutano wa wazazi. Mimi sikukosa kwa sababu simpendi mtoto wangu. Nilikosa kwa sababu habari zilitolewa saa tatu asubuhi, siku ya kazi, na mimi nilikuwa na taruma begani. Je, ni wangapi hapa waliokuwa kama mimi? (Hapo mikono mingi iliinuliwa.) Mwaona wenyewe. Basi hii ni habari ya wafanya kazi.

Kwa hivyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mambo matatu mbele ya tawi.

Kwanza, kamati iwaombe wakuu wa kazi kwamba mzazi mwenye mtoto wa Gredi ya 9 apewe ruhusa ya nusu siku, mara moja, aende kusikiliza habari za kuchagua shule. Hatuombi likizo. Twaomba saa nne au tano tu, na mwenzake katika genge atamshikia kazi. Mimi niko tayari kumshikia mtu wa kwanza.

Pili, sisi tumetawanyika kufuata reli. Tuna ndugu Mombasa, Voi, Mtito Andei, Makindu, Nairobi, Nakuru, Kisumu, mpaka Malaba. Hakuna chama chenye macho mengi kama hayo. Kila kituo kichague mtu mmoja, aulize shule za sekondari ya juu zilizo karibu naye: zafundisha masomo gani kweli, zina karakana gani, na gharama ni ngapi. Alete karatasi moja tu. Katibu atazikusanya na kuzichapa katika gazeti letu hili. Mzazi wa Voi anayetaka kujua shule ya Nakuru atamwuliza ndugu yake wa Nakuru, badala ya kuuliza redio.

Tatu, wakati wa kujaza karatasi ukifika, ofisi ya tawi ifunguliwe jioni mbili kwa juma, na wale kati yetu wenye watoto waliokwisha kupita njia hii wakae hapo kuwasaidia wenzao kusoma karatasi. Wengine wetu kalamu ni nzito. Hiyo si aibu. Aibu ni kujifanya unajua, kama nilivyofanya mimi.

Nimesema mengi, na jua linakwenda. Nyumbani ninaye mtoto wa pili, yuko Gredi ya 7. Juzi jioni tuliketi mezani na ripoti zake, mama yake, yeye, na dada yake mkubwa. Nilimwuliza ni somo gani likiisha huona limekwisha upesi. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Kilimo." Mimi nilitaka kusema neno, dada yake akanitazama, nikanyamaza. Tumeandika Kilimo.

Ndugu zangu, nendeni nyumbani usiku huu mkaulize. Kuuliza hakuna karo.

Umoja ni nguvu.

(Baada ya hotuba hii mkutano ulikubali mambo yote matatu kwa kuinua mikono. Wanachama walio tayari kuuliza habari za shule katika vituo vyao wapeleke majina yao kwa Katibu kabla ya mwisho wa mwezi.)